Kikoba kinavunjwa tarehe 12, Krismasi tarehe 25, shule Januari: tuanze kulipa wapi?

SWALI: Tunaishi Uyole, Mbeya. Baba watoto ni mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya makato ya mkopo wa benki anabaki na 410,000. Mimi nakaanga maandazi, kwa wiki nabaki na 45,000 hivi. Matumizi ya mwezi ni 430,000, humo zikiwemo hisa za kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) 20,000. Watoto ni watatu, mkubwa kamaliza darasa la saba mwaka huu. Tunadaiwa hivi: kampuni ya mikopo ya mtaani 300,000 (nilichukua Septemba, riba 60,000 kila mwisho wa mwezi, na wameandika friji na makochi kuwa dhamana), kikoba 250,000 kwa riba ya asilimia 5, dukani 85,000, vitenge 60,000, mkopo wa simu 40,000. Kikoba kinavunjwa, yaani tunagawana, 12 Desemba na hisa zangu zitakuwa zimefika 520,000. Stoo kuna magunia manne ya mahindi, bei ya hapa kwa sasa ni 80,000. Mbegu na mfuko mmoja wa DAP (mbolea ya kupandia) tumeshanunua, urea ya kukuzia bado, ni kama 75,000. Shule Januari naona itakula 180,000. Baba watoto anataka Krismasi twende wote kwao Njombe, nauli na zawadi ni 180,000. Yule wa kampuni anasema nikilipa riba ya mwezi huu wa Oktoba ataniongezea mkopo ufike 500,000 tupumue, halafu tutalipa tukivuna. Nifanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Mama, hiyo laki tano usiichukue. Ndani yake laki tatu ni deni lako la zamani, kwa hiyo mkononi utashika 200,000 tu, wakati riba itapanda kutoka 60,000 hadi 100,000 kwa mwezi. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwisho wa Juni ni malipo manane, yaani 800,000 ya riba peke yake, na 500,000 iko palepale. Mbegu na mfuko mmoja wa DAP vinaonyesha unalima ekari moja. Ikikupa magunia 15 na ukayauza yote kwa 80,000, bila kubakiza hata debe la ugali, utapata 1,200,000. Deni litakuwa 1,300,000. Tena wakati wa mavuno mahindi hayauzwi bei ya Oktoba, yanauzwa chini ya hapo. Mikopo hii haikuitwa kausha damu kwa utani.

Kuna jambo lingine kuhusu huyo bwana. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana za wateja wako daraja la pili katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wao wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 300,000 hiyo ni 10,500. Wewe unalipa 60,000. Basi ama hana leseni, ama anayo na ile ziada ameibatiza jina la ada au gharama za fomu. Mwombe uione leseni, maana inatakiwa kubandikwa ofisini. Benki Kuu ina tawi hapo Mbeya mjini, na malalamiko ya aina hii yanapokelewa. Sikuambii uanze na malalamiko, kwa sababu hayatamaliza deni kabla ya Krismasi. Nataka uingie kwenye mazungumzo naye ukijua kwamba mwenye wasiwasi wa karatasi zake anaweza kuwa yeye.

Sasa tupange madeni. Watu wengi huanza na anayepiga kelele zaidi, na huyo huwa ni mwenye duka au mama wa vitenge kwa sababu mnaonana kila siku. Wewe pima kila deni kwa kinachokatwa mfukoni kila mwezi. Kampuni inakula 60,000. Mkopo wa simu, kama ni ule unaozungushwa (unarudisha, unachukua tena siku hiyohiyo), unakula ada kila mzunguko, na mbaya zaidi mteja wa maandazi akikurushia hela mtandao unaikata kwanza. Umetaja 40,000, mimi nitaihesabu 44,000 pamoja na ada. Kikoba kinakula 12,500, lakini riba hiyo inarudi kikundini na sehemu yake utaiona kwenye gawio. Duka na vitenge havili kitu. Mkopo wa benki unajikata wenyewe, uache, na kataa kabisa ushauri wa kuuongeza ili mlipe haya mengine. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato, na mwalimu aliyefika kwenye theluthi hana pa kushika jambo likimkuta.

Mapato yenu ni 590,000, matumizi 430,000, inabaki 160,000 kwa mwezi. Kabla ya kuigawa, uza gunia moja. Watu watano wanaokula pia wali na viazi wanatumia debe moja na nusu la mahindi kwa mwezi, na gunia ni madebe sita. Magunia mawili yatawavusha miezi minane, Novemba hadi Juni, na kabla ya hapo mtakuwa mmeshaanza kuchoma mabichi. Kwa hiyo mna magunia mawili ya kuuza, ila msiyauze yote sasa. Moja liende leo kuua riba ya asilimia 20, kwa sababu hakuna mahindi yatakayopanda bei kwa kasi hiyo. La pili lisubiri Januari, ambapo kwa kawaida bei ya nyanda zetu huwa imepanda, nalo ndilo litakalonunua urea. Uza kwa mizani, si kwa gunia la macho, maana lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inakupunja zaidi ya unavyodhani. Ukipata wanunuzi wa debedebe hapo Uyole ni bora zaidi. Yale mawili ya kula yakague leo kama hayana dumuzi. Ukiona vumbi la unga chini ya gunia, anika, pepeta, halafu uhamishie kwenye mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa. Gunia lililotobolewa ni deni jipya la dukani mwezi Machi.

Mwisho wa Oktoba, basi, mkononi kuna 160,000 na 80,000 ya gunia, jumla 240,000. Toa riba ya kikoba 12,500. Mama wa vitenge mpelekee 10,000 yeye mwenyewe, kabla hajaja kwako, mwambie Novemba utaleta nyingine 10,000 na zilizobaki mtamaliza kwa mshahara wa Januari. Anayeletewa kidogo mlangoni kwake huvumilia kuliko anayekimbiwa. Lipa simu 44,000, kisha ukatae ule ujumbe utakaoingia baada ya dakika chache kwamba sasa unaruhusiwa kukopa zaidi. Kama mkopo ulitoka kwenye programu ya simu na si kwa mtandao wenyewe, fahamu kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na kibali, kwa hiyo angalia kama yako imo. Zinabaki 173,500. Kampuni ipelekee 170,000: riba 60,000, na 110,000 ya kupunguza mkopo wenyewe.

Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapotapeliwa kwa adabu. Kabla hujatoa hela kwenye pochi, muulize: "Nikilipa 170,000 leo, riba ya mwezi ujao itahesabiwa kwenye shilingi ngapi?" Jibu unalotaka ni 190,000. Akikubali, aandike kwenye risiti na kwenye nakala yako ya mkataba: riba 60,000, mkopo umepungua 110,000, baki 190,000, tarehe, sahihi, muhuri. Akiandika tu "amelipa 170,000" bila kugawa, mwezi ujao atakuambia 110,000 ilikuwa riba ya mbele na faini. Mwende wawili, wewe na baba watoto, au ulipe kwa simu ili ujumbe wa muamala uwe ushahidi.

Akisema riba itabaki 60,000 mpaka siku utakapolipa yote, usimpe hiyo 110,000. Mpe riba yake tu, na nyingine uifungie mahali. Utalipa 360,000 kwa mkupuo siku kikoba kinapovunjwa. Kwa njia hiyo, baada ya kumlipa tarehe 12 Desemba, utabaki na kama 88,000 badala ya 143,500 nitakayoionyesha hapa chini. Inauma, lakini kumpa hela isiyopunguza riba ni kumwekea akiba bure.

Njia nzuri kuliko zote mbili ipo, kama kikoba chako bado kinakopesha. Vikundi vingi hufunga dirisha la mikopo miezi miwili au mitatu kabla ya kuvunja, hivyo uliza wiki hii, usisubiri kikao cha Novemba. Kama liko wazi, baada ya kumlipa ile 170,000 kopa 190,000 kikundini, ummalize yule bwana siku hiyohiyo. Utakuwa umehamisha deni kutoka asilimia 20 kwenda asilimia 5. Kikoba kitakudai 440,000, bado chini ya hisa zako, na hadi tarehe 12 utakuwa umeokoa 38,000 hivi. Kukopa ili kulipa deni nimekukataza hapo juu. Hapa naruhusu kwa sababu riba inashuka mara nne na tarehe ya kumaliza inajulikana.

Dirisha likiwa limefungwa, endelea na hesabu ya kwanza. Mwisho wa Novemba una 160,000. Kikoba 12,500, vitenge 10,000, riba ya kampuni sasa ni 38,000, na 95,000 inapunguza mkopo. Baki ya kampuni ni 95,000.

Tunafika tarehe 12 Desemba, siku ambayo kwa wanakikundi wengi ni nzuri asubuhi na chungu jioni. Kuna vikundi vinavyokata deni kwenye hisa: 520,000 kutoa 250,000 na riba ya mwisho 12,500, unapewa 257,500 na gawio la faida juu yake. Na kuna vikundi vinavyotaka kila mwenye mkopo aweke fedha taslimu mezani kwanza, ndipo sanduku ligawanywe. Utaratibu huo wa pili ndio unaowalisha kausha damu kila Desemba. Mama anakosa laki mbili na nusu, anakimbilia mtaani kukopa "kwa siku mbili tu", anatozwa riba ya mwezi mzima, na sikukuu haijafika. Soma katiba ya kikundi chenu sasa. Kama inadai taslimu, lipeleke suala kwenye kikao cha mwanzo wa Novemba: wote ambao deni lao ni dogo kuliko hisa wakatwe kwenye daftari. Mweka hazina mwenye kaunta buku iliyonyooka anaweza kufanya hesabu hiyo kwa jioni moja, na hutakuwa peke yako kuomba. Atakayepinga kwa nguvu, mara nyingi ni yule ambaye deni lake limepita hisa zake.

Faida usiipangie matumizi kabla ya kuiona. Kila mwaka mtu anatangaziwa gawio nono Oktoba, halafu inagundulika wanachama watatu hawajarudisha. Hesabu hisa zako tu.

Kutoka kwenye 257,500, kabla hujapita sokoni, malizana na kampuni: 95,000 na riba ya mwezi 19,000 (jaribu kuomba akutoze ya nusu mwezi, ila usiitegemee), jumla 114,000. Siku hiyo ondoka na vitu vitatu: risiti iliyoandikwa "deni limekwisha", mkataba wa asili, na ile karatasi iliyoorodhesha friji na makochi, iwe imekatwa mstari na kusainiwa. Kama mlisainishana mbele ya mtendaji wa mtaa, naye apewe nakala. Kuna walimu ambao badala ya friji huacha kadi ya benki na namba ya siri. Kama baba watoto ni mmoja wao na hakukuambia, kadi irudi siku hiyohiyo na namba ibadilishwe kabla ya mshahara wa Desemba kuingia. Akizungushwa, aende benki aombe ile kadi ifungwe apewe nyingine.

Sasa zimebaki 143,500. Dukani peleka 40,000. Halina riba, lakini duka unalodaiwa ndilo unalolazimika kununua, kwa bei ya mwenyewe, na kwa daftari analoliandika yeye. Kwenye 45,000 iliyobaki mkubaliane kwamba hadi Januari 24 hamwongezi hata kiberiti kwa mkopo. Kisha 100,000 igeuze kuwa shule kabla haijalala nyumbani.

Ninasema igeuze kwa makusudi. Desemba fedha taslimu ndani ya nyumba ina ndugu wengi: kuna kadi ya harusi, kuna kipaimara cha mtoto wa jirani, kuna msiba, na kuna shemeji aliyekwama stendi. Ikishageuka kuwa madaftari na kitambaa, hakuna anayekuja kuiomba. Madaftari ya wote nunua kwa dazeni soko la Mwanjelwa. Viatu vyeusi vya mkubwa nunua sasa, avae Krismasi na avae shule. Wadogo wawili sare zao zipime leo: sketi ikishuka pindo na kaptula ikiongezwa kiraka cha ndani zinafika Juni. Kwa mkubwa, kuwa mwangalifu. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, sweta, begi na michango vipo, na orodha kamili utaipata kwenye fomu ya kujiunga baada ya majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza kutoka, kwa kawaida Desemba. Ukinunua sweta ya bluu kwa kubahatisha halafu akapangiwa shule ya sweta ya kijani, umetupa hela. Shati jeupe nunua. Kitambaa cha suruali au sketi, na sweta, subiri fomu. Baada ya hapo fundi asipitishwe wiki moja, maana ikifika Januari foleni yake inafika barabarani na bei inapanda nayo.

Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya Krismasi, na watu hufurahi bila kutazama kalenda. Ukitoka tarehe 22 na wa Januari ukatoka tarehe 24, hizo ni siku 33. Matumizi yenu ni kama 14,300 kwa siku, basi siku tatu za ziada ni 43,000 ambazo hakuna aliyeziweka kwenye bajeti. Januari ngumu huanzia hapo, hata kabla ya nguo na nyama. Kwa bahati, hisa za kikoba 20,000 zinasimama mpaka mzunguko mpya uanze. Kwa hiyo ile 160,000 yako ya Desemba kwa kweli ni 137,000.

Krismasi yenu ni 110,000. Najua mnataka zaidi, ila nimeitafuta kila upande na hiyo ndiyo iliyopo bila kukopa. Njombe ya 180,000 haimo. Na si 180,000, ni 225,000, kwa sababu wiki ukiwa Njombe hakuna anayekaanga maandazi Uyole, na 45,000 ya wiki hiyo inapotea. Tena ni wiki ya oda: mkesha wa Krismasi na wa mwaka mpya ndizo siku unazoweza kuuza ndoo mbili badala ya moja.

Jambo hili alimalize baba watoto na mama yake mwenyewe, si wewe. Habari ya "hatuji mwaka huu" ikitoka kinywani mwa mkwe inasikika kama umemzuia mtoto wa watu. Apige simu mapema, mwanzoni mwa Desemba, aseme watoto watakuja likizo ya Juni, mahindi yakiwa yamevunwa na nauli haina vurugu za sikukuu. Mishahara ikitoka amtumie 30,000 pamoja na ya kutolea. Mzazi aliyepewa taarifa mapema na akatumiwa cha sukari na nyama hanuni kama yule aliyekaa anasubiri gari hadi tarehe 24 jioni. Kama ni lazima uso uonekane, aende yeye peke yake baada ya mwaka mpya, kwa nauli ya mtu mmoja, na nauli hiyo itoke kwenye 30,000 hiyohiyo.

Zinazobaki ni 80,000. Nguo za wadogo wawili 25,000, kutoka mitumba ya soko la Sido, na uende wiki mbili kabla, asubuhi ya siku wanayofungua marobota, kwa sababu kuanzia tarehe 20 shati lilelile linapanda bei mbele ya macho yako. Sadaka na wageni 10,000. Chakula cha siku yenyewe 45,000: nyama kilo mbili 24,000, mchele wa Kyela au wa Mbarali kilo nne 11,000, nyanya, vitunguu na viungo 4,000, soda 6,000. Bei zikitofautiana sokoni punguza nyama, usiongeze jumla. Mafuta yatoke kwenye chakula cha kawaida cha mwezi. Ndoo ya mafuta ya maandazi isiguswe, wala ngano. Huo ni mtaji, na nimeona biashara nyingi za jikoni zikifa Januari kwa sababu Desemba mtaji ulikaangiwa kuku wa nyumbani. Shule zikifungwa wateja wako wa asubuhi watapungua. Oda za sikukuu sijaziweka kwenye hesabu yoyote hapa, nazo zikae pembeni kuziba pengo la wiki hizo.

Toa 110,000 kwenye 137,000, inabaki 27,000 ya shule. Jumla ya shule sasa ni 127,000, pengo 53,000. Pengo hilo lizibwe na faida ya kikoba. Ikiwa ndogo, kinachosubiri ni begi la mkubwa na viatu vya wadogo, mpaka Januari 24. Ikizidi, usinunue kochi. Maliza vitenge.

Urea isicheleweshwe kwa sababu ya sare. Mkipanda mwanzoni mwa Desemba, mwanzoni mwa Januari mahindi yanafika magotini na hapo ndipo yanapoitaka. Gunia la pili liuzwe wiki hiyo, mfuko ununuliwe siku hiyohiyo. Na DAP iliyoko stoo msiiuze wala kuiazimisha hata kama jirani atatoa bei nzuri mvua zikianza. Mahindi yaliyokosa mbolea ya kupandia hayafidiwi na urea baadaye, na mtakuwa mmeuza magunia ya Julai kwa bei ya mfuko mmoja.

Michango ya harusi na sherehe iwekeeni kikomo leo, kimoja kwa nyumba nzima, mfano 15,000 kwa Desemba yote, ndani ya fedha mnazotumia kwa kanisa na misiba. Misiba haipangwi, harusi zinapangwa, kwa hiyo kinachopunguzwa ni harusi. Atakayewaletea kadi ya 50,000 mwambieni mtatoa 5,000 na nguvu za jikoni, na maandazi unajua kukaanga.

Mshahara wa Januari ukiingia: dukani 45,000, vitenge 40,000. Mtakuwa mmebaki na benki peke yake, na 75,000 ya mwezi huo iko huru. Isiende yote kwenye hisa za mzunguko mpya. Weka hisa zilezile za 20,000, na kama kikundi kitakubali kufungua mfuko wa sikukuu, changia 11,000 kwa mwezi kuanzia Februari, miezi kumi inakupa Krismasi nyingine ya 110,000. Vikundi vyenye mfuko huo vikienda pamoja Mbarali au Kyela baada ya mavuno ya mpunga, mwezi wa sita au wa saba, vinanunua mpunga kwa gunia, vinakoboa wenyewe na kugawana, na mchele huo huwa nafuu kuliko ule wa kilo moja moja wa wiki ya Krismasi.